MREJESHO: Ile ishu ya kufuzu Boston Marathon

Wakuu habari za saa hizi, mwaka jana niliuliza hapa kama muda wangu wa saa 2 na dakika 58 kwenye marathon (km 42) unanitosha kuingia Boston, ile mbio kubwa ya Marekani, maana wanaume wa miaka 35 hadi 39 kiwango chao ni kumaliza ndani ya saa 3. Mkanijibu kufikia kiwango sio kupata nafasi, wanaanza na wenye kasi zaidi, na kweli bana, kwa mbio za 2026 ilibidi uwe umekimbia haraka kuliko kiwango kwa dakika 4 na sekunde 34! Nikaachwa, iliniuma sana.

Basi nikarudi barabarani, saa kumi na moja alfajiri vilima vya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), upepo wa Dodoma unakupiga vumbi mpaka kwenye meno, mfukoni zabibu kavu. Mwezi wa pili nikaenda Moshi kukimbia marathon nyingine, kile kipande cha kupanda Mweka miguu iligoma kabisa nikajisemea mwanariadha Simbu wetu wa Singida alikuwa wa 2 Boston 2025, mi nitembee kweli? Nimemaliza 2:54:12.

Nasubiri usajili wa Septemba. Yule mkuu aliyesema nisikimbie kwa pupa kilomita 10 za mwanzo, asante sana kaka.