Picha za gorila ziko wapi?

Kikundi: UKOO WA BIBI CHUDA
Jumapili

Shangazi Kibuli, 16:05
Zuhura, tangu jana natazama simu. Picha za sokwe ziko wapi?

Rama, 16:07
Gorila, shangazi. Sokwe ni wale wetu wa Gombe.

Shangazi Kibuli, 16:08
Haya, gorila. Miaka yote niliyoolewa huku Kampala sijafika msitu wa Bwindi kuwaona. Nilisema mtoto wa kaka yangu, daktari wa mifugo huko Mbarara, ataniwakilisha.

Zuhura, 16:21
Shikamoo shangazi. Shikamoo mama, shikamoo baba mdogo. Samahani kwa kimya. Sikuingia msituni. Nilifika mpaka Ruhija, pale wageni wanapokusanyika asubuhi kupewa maelekezo, nikarudi.

Mama, 16:22
Marahaba mwanangu. Umerudi kwa nini tena? Si ulishalipa?

Zuhura, 16:26
Nilishalipa mama. Nilikuwa na mafua. Unakumbuka Jumatano nilikesha zizini na ng'ombe aliyekuwa anazaa, ndama ametanguliza matako na mvua inanyesha. Alhamisi koo likaanza kuwasha. Ijumaa nikajipa moyo. Jana alfajiri Ruhija baridi kali, nainama kufunga kamba za viatu nikakohoa mara tatu. Askari wa hifadhi alipouliza nani hajisikii vizuri, nikanyoosha mkono.

Rama, 16:27
Dah, dada. Si mnavaa barakoa? Nani angejua?

Mama, 16:27
Rama.

Baba Mdogo Muheza, 16:29
Shemeji, mwache aulize, ndiyo kujifunza. Zuhura mweleze mdogo wako.

Zuhura, 16:38
Barakoa zipo. Mnaingia watu 8 tu kwa familia moja ya gorila, mnakaa nao saa moja, na mnatakiwa mbaki mita 10 nyuma. Lakini gorila hajui mita 10. Watoto wao wana udadisi kama watoto wetu, wanakuja wenyewe mpaka miguuni.

Rama, sikiliza hii maana ni ya fani yako. Mwaka 1996 familia moja ya gorila hapo Bwindi iliingiwa na upele. Manyoya yananyonyoka, ngozi imebaki nyeupe yenye magamba, wanajikuna kutwa. Kichanga kikafa. Waliobaki walipona kwa ivermektini, dawa ileile unayowachoma mbuzi pale chuoni SUA. Aliyewatibu ni Dk. Gladys Kalema-Zikusoka, Mganda, daktari wa kwanza wa wanyama wa mamlaka yao ya wanyamapori, ndiyo kwanza ameanza kazi. Akafuatilia upele ule umetoka wapi, njia ikamrudisha kwa binadamu. Gorila hutoka msituni kula migomba ya watu, na shambani kuna sanamu za kufukuzia wanyama zimevalishwa nguo chakavu. Wanazishika. Mwaka 2003 akaanzisha shirika la kushughulikia afya ya wanavijiji na ya gorila kwa pamoja, Conservation Through Public Health.

Zuhura, 16:43
Sasa upele una sindano yake. Mafua yetu yakimwingia gorila yanaweza kushuka kifuani yakawa homa ya mapafu, na huwezi kumlaza wodini. Hesabu ya gorila wa milimani dunia nzima iliyotangazwa mwaka 2019 ilitoa 1,063. Kati yao 459 walikuwa Bwindi na kipande cha msitu wa Kongo kinachopakana nayo, waliobaki milima ya Virunga. Basi, hakuna kwingine.

Jumatatu mpaka Ijumaa nazunguka nikiwaambia wafugaji watenge ndama anayekohoa. Ningeingia kule nikiwa nakohoa mimi, Jumatatu ningewatazamaje machoni?

Rama, 16:45
Nimekuelewa dada. Kweli sikuwaza hivyo.

Mama, 16:46
Umefanya la heri. Hela hutafutwa.

Shangazi Kibuli, 16:47
Tena sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, Wazungu dola 800 mtu mmoja. Hebu fikiria Mzungu mwenye mafua aliyevuka bahari, atasema ukweli?

Zuhura, 16:49
Yupo aliyesema shangazi. Baba mmoja mtu mzima, alinyoosha mkono baada yangu. Mkewe akaingia peke yake. Tulikaa naye kwenye benchi tukinywa chai ya tangawizi, hatukuongea sana.

Shangazi Kibuli, 16:50
Maskini. Ikawaje, ukarudi Mbarara hivyohivyo?

Zuhura, 16:58
Hapana, nilishuka Kabale nikaenda ziwa Bunyonyi. Shangazi, hapo lazima twende wote. Vilima vimekatwa matuta kuanzia juu mpaka majini, viazi, mtama, maharage, na visiwa vimejaa katikati. Nikapanda mtumbwi wa gogo, mwenye mtumbwi kijana wa pale. Nimezoea bahari ya Tanga inayokusukuma. Hapa maji yametulia, kasia likiingia unasikia tone linalodondoka likitoka. Hakuna mamba wala kiboko, watoto wanavuka peke yao kwenda shule.

Kuna kisiwa kidogo chenye mti mmoja. Zamani, binti akishika mimba kabla ya ndoa alipelekwa akaachwa hapo, afe njaa au azame akijaribu kuogelea. Kijana alinieleza akipunguza sauti. Nilikitazama kile kisiwa mpaka tukakipita. Ni nyasi tu na mti, padogo kuliko uwanja wa mbele wa nyumba ya bibi.

Mama, 17:01
Inna lillahi. Bibi yenu yuko hapa namsomea, ametikisa kichwa. Anauliza unakula nini huko.

Zuhura, 17:03
Mwambie nakula vizuri. Matoke, na kuna mchuzi mweupe wa samli, eshabwe, wanautengeneza Wanyankole. Maziwa ndiyo usiseme. Nikimaliza kutibu siondoki bila kupewa maziwa, na kukataa ni kumkosea mwenye nyumba.

Rama, 17:06
Dada, mimi nimebakiza mwaka mmoja. Nikimaliza nije huko au nitafute hapa Morogoro?

Zuhura, 17:15
Kazi ipo, lakini usije na begi tu. Usajili kwanza: Baraza la Veterinari kwetu, halafu wanaosajili madaktari wa mifugo Uganda. Nchi za Jumuiya zilikubaliana kutambuana kwa madaktari wa mifugo, ila karatasi ni wewe wa kuzifuatilia. Mimi nilianza miezi 5 kabla. Kadi ya homa ya manjano weka mfukoni, mpakani Mutukula wanaiangalia.

Na jifunze salamu. "Agandi", jibu lake "Ni marungi". Mwezi wangu wa kwanza nilimwamkia mama mmoja wa makamo kwa Kiswahili, akawaita watoto waingie ndani. Kwa wengi wa rika lake Kiswahili ilikuwa lugha ya askari, ndivyo walivyoijua miaka ile. Iliniuma, maana kwetu ndiyo lugha ya kubembelezea mtoto. Niliporudi wiki iliyofuata nikasema "Agandi" akacheka, akaleta kigoda. Siku hizi ananiomba nimfundishe mjukuu wake. Serikali yao ilishakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, shule zinakihitaji.

Shangazi Kibuli, 17:17
Ni kweli kabisa. Mimi mwenyewe mwanzoni sokoni nilikuwa nakificha.

Rama, 17:18
Na ugonjwa mkubwa huko ni upi?

Zuhura, 17:19
Ndigana kali, ile homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe. Kila siku ya Mungu.

Baba Mdogo Muheza, 17:22
Hapo na mimi nina swali. Hawa wawili wangu wa maziwa nanyunyiza dawa kila wiki, kupe hawaishi. Nimeongeza dawa, wapi.

Zuhura, 17:23
Baba mdogo, umeongeza kipimo au umechanganya na nyingine?

Baba Mdogo Muheza, 17:24
Nimechanganya mbili. Muuza duka alinishauri hivyo.

Zuhura, 17:36
Baba mdogo naomba uache leo. Huku magharibi mwa Uganda ndiko walikofikishwa na mambo hayo. Mtu ananunua dawa, anapima kwa kifuniko, anaipunguza nguvu ili ienee ng'ombe wengi. Kupe wanyonge wanakufa, wagumu wanabaki wanazaana. Wakishindikana anachanganya mbili, tatu. Kuna mashamba nimefika kupe wanatembea juu ya ng'ombe aliyelowa dawa.

Fanya hivi. Dawa moja, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, upime kwa kikombe chenye alama. Ukitaka kubadili, ubadili kundi la dawa. Usibadili jina la chupa tu, maana majina matano yanaweza kuwa dawa ileile. Mwombe daktari wa kata akusomee. Na usimalizie mgongoni. Kupe anayeleta ndigana kali ni yule wa kahawia wa masikioni. Fungua sikio kwa vidole, utamkuta amejipanga humo kama punje za mtama. Loanisha sikio ndani, chini ya mkia, katikati ya mapaja.

Zuhura, 17:39
Na papasa mitoki ya chini ya sikio kila jioni unapokamua. Ikivimba na mwili ukawa wa moto, usingoje kesho. Dawa yake, buparvakwoni, inaponya ukiwahi. Ukichelewa mpaka anapumua kwa shida na povu liko puani, unamzika. Ng'ombe wako ni wa damu ya kizungu, hawana uvumilivu wa ng'ombe wa Ankole wa huku.

Baba Mdogo Muheza, 17:41
Nimeandika yote kwenye daftari. Ahsante sana mama.

Zuhura, 17:52
Rama, hili la kupe nilikuwa nalijua kitabuni tangu mwaka wa pili. Nimelielewa siku ya mapumziko. Hifadhi ya Ziwa Mburo iko jirani yetu kabisa, na unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari. Nilienda nipumzike, nione swala pala, maana hifadhi nyingi za Uganda hawana. Tukasimama kwenye kichuguu saa moja asubuhi. Upande mmoja pundamilia na swala pala. Mbele yao kidogo, nje ya mpaka, Ankole wenye pembe ndefu wanakula nyasi, na pundamilia wengine wako katikati yao. Hakuna uzio. Majani yana umande, kila nikiinua mguu suruali imeloa mpaka gotini.

Nikainama. Kwenye ncha ya jani moja kulikuwa na kupe wachanga wamekusanyika, wamenyoosha miguu ya mbele wanangoja mwenye damu apite. Yule kupe wa sikio hunyonya wanyama watatu maishani, na kila akishiba anashuka chini majanini. Nyati wa hifadhini anabeba vijidudu vya ndigana bila kuumwa. Kupe akimnyonya akashuka, anayefuata anaweza kuwa ng'ombe wa yule mama wa "Agandi". Mimi nilikuwa nimetibu ndama wake mara mbili bila kuuliza anachungia wapi. Sasa ndilo swali langu la kwanza nikifika kwa mtu.

Rama, 17:54
Hii nitamsimulia mwalimu wetu.

Mama, 17:56
Sasa mwanangu, hata siku ya kupumzika unapekua kupe? Utachoka lini ukapumzika?

Zuhura, 18:02
Mama, huko ndiko napumzika. Nikikaa chumbani Mbarara nawaza wagonjwa tu. Nikitoka nikaona wanyama wasionihitaji, narudi nina nguvu. Wiki iliyopita sikwenda mbali, nilifika Biharwe tu kuona mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Wanasimulia mfalme wa Bunyoro alikuwa ameteka ng'ombe wa Wanyankole, jua likazimika mchana, akakimbia akawaacha ng'ombe nyuma. Wenyewe husema ng'ombe wale walishuka kutoka mbinguni. Ukiona mzee wa hapa anavyomsafisha ng'ombe wake pembe, unaamini anachosema.

Shangazi Kibuli, 18:05
Mimi nimeamua. Wifi, panda basi uje mpaka kwangu Kibuli, tupumzike siku mbili, tutelemke wote Mbarara. Njiani tunasimama Kayabwe kwenye mstari wa ikweta tupige picha, mguu mmoja kaskazini mmoja kusini.

Mama, 18:07
Nani atabaki na bibi?

Baba Mdogo Muheza, 18:08
Mimi na mke wangu tutakuja Chuda. Nenda ukamwone mtoto.

Mama, 18:15
Bibi anasema niende. Anasema nikuletee karafuu na nazi mbili. Na hao gorila utakwenda lini?

Zuhura, 18:18
Kesho nawapigia hao wa vibali nijue tarehe. Sitachukua ya karibu. Nataka kwanza nikae wiki mbili bila kikohozi.

Mama, 18:19
Basi chemsha tangawizi sasa hivi, utie na limau. Usiku uvae soksi.

Zuhura, 18:31
Naam mama. Nimepigiwa simu, kuna ng'ombe ametupa ndama huko Kiruhura. Rama, tukiongea tena niulize habari za glavu, ng'ombe aliyetupa mimba hashikwi mikono mitupu. Naondoka na boda, nikifika nitaandika.

Shangazi Kibuli, 18:32
Vaa barakoa na koti.