Nakuru: nalipia IP ya kudumu, poti 25 ya kutuma barua pepe imefungwa, halafu naambiwa nizime ruta

Wadau, hawa watu wa faiba wamenichosha. Jina lao nalihifadhi kwa sasa.

Niko Kiamunyi, naendesha seva ya barua pepe nyumbani, programu ya Postfix kwenye kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza. Barua zinazoingia zinaingia vizuri. Zinazotoka hazitoki. Nikiandika mailq, amri ya kuonyesha barua zinazosubiri, naona foleni imejaa na wimbo ni uleule, "Connection timed out", iwe ni kwa Gmail, iwe ni kwa Outlook. Kotesheni ya pampu niliyomwandikia mteja wa Molo ilikaa humo hadi Postfix ikachoka, maana isipobadilishwa hujaribu kwa siku 5 kisha inakurudishia barua yako. Mteja alishanunua kwingine.

Na asinijie mtu hapa na habari za fayawoli. Nikijaribu poti 587 ya smtp.gmail.com, mlango wa mtumiaji kukabidhi barua zake, inaitika papo hapo. Nikijaribu poti 25 ya gmail-smtp-in.l.google.com, mlango ambao seva hupelekeana barua, kimya mpaka muda unaisha. Jaribio hilohilo nikilifanya kutoka seva ya kukodi iliyoko Ujerumani, linapita. Kama Google ndio wangekuwa wananikataa, ningepata jibu lenye namba ya kukataa, 550 na maelezo yake. Kimya cha namna hii ni pakiti zinatupwa njiani.

Sasa wapigie simu uone maajabu. "Mteja wetu, zima ruta, subiri kidogo, uwashe." Nawatajia poti 25. "WhatsApp inafunguka?" Inafunguka. "Basi intaneti iko sawa." Wakatuma fundi. Kijana mpole, sina neno naye, lakini alichofanya ni kupima kasi kwa simu yake, akanionyesha skrini, "si unaona boss, iko juu", akanipa karatasi nitie sahihi kwamba tatizo limetatuliwa. Sikutia.

Kufunga poti 25 kwenyewe sina shida nako. Kampuni nyingi duniani hufunga, la sivyo kompyuta zenye virusi majumbani zingemwaga spamu usiku kucha. Lakini mimi sikununua kifurushi cha kutazama mpira! Nilinunua cha biashara, nikaongeza pesa za kila mwezi nipewe IP ya umma isiyobadilika, na muuzaji wao nilimwambia waziwazi ni ya seva ya barua. Akasema hakuna matata. Kwenye mkataba poti 25 haijatajwa popote. Nikaiangalia hiyo IP kule Spamhaus, wanaotunza orodha za kuzuia spamu: iko kwenye PBL, ile orodha ya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Hiyo ndiyo IP ya biashara?

Na hata wakifungua leo, bado kuna PTR, rekodi inayoonyesha IP ni ya jina gani. Hiyo siwezi kuiweka mwenyewe kule nilikosajili kikoa changu. Anwani ni yao, kwa hiyo rekodi ni yao kuiweka. Bila PTR, Gmail inakurudishia 550-5.7.25 na safari imeishia hapo. SPF na DKIM zangu, zile za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa changu, ziko sawa, ila haziwezi kuziba hilo pengo. Niliwaandikia kuomba PTR, nikajibiwa kwa kuulizwa kama nataka kubadilisha nywila ya Wi-Fi. Hivi huwa wanasoma?

Najua kuna atakayesema "tumia relay", yaani seva ya mtu mwingine ikutumie barua. Ndiyo ninayoitumia kwa sasa, kupitia 587, na barua zinatoka. Lakini nalipa watu wawili kwa kazi moja, na barua za wateja wangu zinapitia mikononi mwa mtu mwingine, jambo lililonifanya nijenge seva yangu tangu mwanzo.

Wanifungulie poti na waniwekee PTR, au warudishe pesa zote za hiyo IP. Kama kuna mtu Nakuru, Njoro au hata Kisumu aliyefunguliwa bila vita, aseme aliongea na kitengo gani na aliandika nini, maana ile namba ya huduma kwa wateja mimi sipigi tena.