Bwawa la nyumbani: klorini ya unga au mashine ya chumvi?

Wakuu habari za jioni. Nina bwawa dogo hapa Kigamboni, lita 40,000 hivi, maji natoa kisimani. Juzi nimemwaga klorini ya unga kama kawaida, maji yakageuka kama chai ya rangi, watoto wamegoma kuingia. Fundi anasema niweke mashine ya chumvi eti nitasahau klorini kabisa. Kweli au anataka hela yangu tu?

Mzee wa Pampu: Anakupiga huyo 😂 Ile mashine inatengeneza klorini hiyohiyo kutoka kwenye chumvi kwa umeme. Raha yake hubebi ndoo za dawa kila wiki. Ila chumvi ni kilo 3 mpaka 4 kwa kila lita 1,000, piga hesabu mwenyewe, na umeme wa LUKU ndo usiseme.

Mama Wawili: Mi ninayo. Maji ya kisima yakiwa magumu zile sahani za ndani ya mashine zinashika ukoko mweupe kama wa kwenye birika, natoa naosha kila baada ya miezi miwili mitatu, na pH (kipimo cha asidi au magadi kwenye maji) nayo inapanda kila saa inabidi niishushe na asidi.

Mzee wa Pampu: Na hiyo rangi ya chai ni madini ya chuma mkuu, klorini ikiyagusa yanakuwa kutu, mashine ya chumvi haitibu hilo. Pima maji kwanza.

Mleta mada: Kumbe! Kesho napeleka chupa maabara. Fundi kapiga simu mara tatu leo, sijapokea.