Chupa zangu za sabuni ya maji hazina mnunuzi yadini: nibadilishe nini kabla ya kuagiza nyingine?

MpikaSabuni (mleta mada):
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninatengeneza sabuni ya maji hapa Tanga na kuijaza katika chupa nyeusi za mililita 500 zenye pampu, zilizovishwa nailoni ya rangi inayobana kuanzia shingoni hadi kitakoni. Weusi niliuchagua kwa sababu jua la dukani lilikuwa linapausha rangi ya sabuni. Wiki iliyopita nilipita kwenye yadi ya wanunuzi wa plastiki nikazikuta chupa zangu, karibu gunia zima, zimemwagwa kando ya ukuta. Mama anayechambua alichukua moja, akajaribu kuichuna nailoni kwa kisu, kisha akaniambia, "Hizi tukizipeleka huturudishia, mwanangu." Nakaribia kuagiza chupa 3,000. Nibadilishe nini ili chupa ikiisha kazi ipate mnunuzi, na bidhaa isipoteze sura yake kwa wateja?

MsagaPlastiki:
Mleta mada, mimi nashinda kwenye mashine ya kusaga, hivyo nasema ninayoyaona. Vipande vya chupa huoshwa katika tangi la maji: plastiki ya namba 1 (namba ya aina ya plastiki, huandikwa kitakoni), ambayo nadhani ndiyo ya chupa yako, huzama, ilhali vifuniko, ambavyo kwa kawaida ni vya namba 2 au namba 5, huelea, nasi tunavienguaengua kama mafuta juu ya mchuzi. Nailoni inayobana mara nyingi ni PVC, aina nyingine ya plastiki, ambayo nayo huzama, kwa hiyo haitengani na chupa. Na ikifika kwenye joto la kuyeyusha namba 1, ambalo ni nyuzi 250 na zaidi, huungua na kutoa asidi inayoharibu mzigo na kula vyuma vya mashine. Kuhusu rangi, plastiki angavu hupokea rangi yoyote, lakini nyeusi itabaki nyeusi, ndiyo maana bei yake ni duni hata ikipata mnunuzi.

Usiniamini kwa maneno. Kata kipande cha chupa, cha kifuniko na cha nailoni, vikandamize ndani ya beseni la maji hadi viputo vya hewa viishe, kisha uviachie. Lebo unayoitafuta ni ile inayoelea, iliyozungushwa kiunoni na kushikwa kwa mstari mmoja wa gundi.

BintiPangani:
Naafiki, ila naomba tusikimbilie kusaga kabla ya kuuliza chupa hiyo ingejazwa mara ngapi. Pampu ndiyo ghali, tena ina springi ya chuma ndani ya plastiki, kitu ambacho hakuna anayekaa kukifungua. Iuze mara moja tu, halafu mteja arudi na chupa yake upime kutoka kwenye dumu la lita 20, kama tunavyopimiwa mafuta ya kula. Tahadhari moja: chupa angavu yenye sabuni ya rangi ya chungwa ni sharubati machoni pa mtoto. Mtoto wa jirani yangu aliigida. Mimi ningechagua namba 2 nyeupe isiyoonyesha ndani, ambayo pia itakukinga na jua lile lile lililokupeleka kwenye weusi.

MzeeWaHororo:
Kama unavusha mzigo kwenda Mombasa, jua kwamba Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtwika mzalishaji na mwagizaji wajibu wa kifungashio hata baada ya kuuza. Mnunuzi wako wa huko atakuuliza.

MpikaSabuni:
Nashukuruni sana. Beseni limesema: nailoni ilizama sambamba na chupa, kifuniko kikaelea. Nilirudi yadini na sampuli ya namba 2 nyeupe; yule mama aliibonyeza, akaigeuza kusoma namba kitakoni, akasema hiyo huchukua, mradi isije na sabuni ndani, kwa kuwa povu humsumbua anapoosha. Nitaagiza 1,000 kwanza, na pampu 300 tu. Swali lililobaki: nani anafahamu mchapaji wa lebo za namba 5 anayekubali oda ndogo hapa Tanga au Dar es Salaam?