Picha ya marehemu babu kando ya picha ya watakatifu: je, ni ibada ya sanamu?

Muulizaji, Buruburu
Salamu kwenu nyote. Mama ni Mkatoliki, nami na mume wangu tunasali katika kanisa la Kipentekoste. Tangu mama ahamie kwetu, sebuleni zimetundikwa picha mbili: ya marehemu babu, na ya Mashahidi wa Uganda, ambao yeye huwaomba wamwombee kila jioni. Wazee wa kanisa wametutaka tuziondoe zote, wakitaja Kutoka 20:4, inayokataza kujifanyia sanamu ya kuchonga. Je, dini huzihesabu picha hizi kuwa kitu kimoja?

Katekista, Umoja
Dada, inanisikitisha kwamba wazee wako waliishia mstari wa 4, kwa maana wa 5 unaendelea: "Usivisujudie wala kuvitumikia", na katika sura ya 25 ya kitabu hicho hicho Musa anaamriwa kutengeneza makerubi ya dhahabu. Wakristo walibishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, wengine wakateswa kwa ajili yake, na Mtaguso wa Pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 787, ukafundisha kwamba picha takatifu zipewe heshima, lakini ibada yenyewe ni ya Mungu peke yake, na kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Mtaguso wa Trento uliyathibitisha hayo mwaka 1563, ukionya kwamba ndani ya picha hamna uungu wala nguvu ya kutumainiwa. Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda walitangazwa watakatifu mwaka 1964, kwa hiyo mama yuko ndani ya mafundisho ya Kanisa lake. Babu hayumo katika fungu hilo. Mbele ya picha yake mama humwombea raha ya milele, kama tufanyavyo kwa marehemu wote mwezi wa Novemba.

Msomaji, Pangani
Assalaam alaykum. Sisi Waislamu tunalihofia jambo hili tangu mwanzo wake. Sura ya Nuh, aya ya 23, inataja miungu ya sanamu Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr, na katika mkusanyo wa hadithi wa Sahihi al-Bukhari, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, anaeleza kwamba hao walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuhu, ambao walipofariki walisimamishiwa sanamu mahali walipokuwa wakiketi. Hazikuabudiwa mpaka kizazi kile kilipokwisha na elimu ikapotea. Kwa hiyo nia njema ya mama yako, ambayo siitilii shaka, haimlindi mjukuu wake. Kuhusu picha za kamera wanazuoni wamehitilafiana. Nyumbani kwetu picha za wazee hukaa sandukuni pamoja na vyeti.

Mshirika wa Kiprotestanti, Lang'ata
Naongeza 2 Wafalme 18:4. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu, akahifadhiwa vizazi vingi, na mfalme Hezekia alimvunja kwa sababu Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Kwa kipimo hicho, picha ya babu siioni kuwa na kosa lolote. Ile ya mashahidi nisingeomba mbele yake, lakini inahusu imani ya mama, na wazee wangepaswa kuketi naye yeye mwenyewe kabla ya kukuagizeni ninyi kuiondoa.

Muulizaji, Buruburu
Asanteni sana. Nitawaomba wazee warudi Jumapili, mama akiwepo.