Naomba ushauri: Maji ya mwani kwenye miembe yenye maua, nirudie baada ya siku ngapi?

Mtoto wa Naumbu
Habari za humu wakuu. Nina miembe 40 ya kubebeshwa huku Ziwani, Mtwara Vijijini, ina mwaka wa 5 shambani. Safari hii imetoa maua hadi raha. Nilisoma kwamba wenzetu nje wanapulizia maji ya mwani ili ua lishike, tena siyo kemikali. Basi Jumamosi nikanunua mwani mbichi kwa akina mama wakitoka kuvuna, nikachemsha, nikachuja kwa kipande cha chandarua, nikapulizia miti yote. Swali langu ni moja tu: nirudie baada ya siku 7 au 14? Pipa la pili liko tayari. Nisaidieni, usingizi hauji.

Kibarazani
Mwani Wajapani wanaulia wali, wewe unanywesha miembe. Likitoka embe lenye ladha ya pweza tuite.

Mzee wa Ufuta
Kijana, embe la nini? Msimu ukifika zinaoza njiani hadi mbuzi wanazipita. Lima ufuta. Mimi nyumba hii ninayoandikia nimeiezeka kwa ufuta, na sikuchemsha kitu chochote.

Bi Mkorosho
Mwanangu, mtu aliyepulizia na mambo yakawa mazuri hulala. Majani yakoje?

Mtoto wa Naumbu
Shikamoo mama. Kuna kidogo tu. Majani machanga yamekauka nchani na pembeni, kama yamepitiwa na pasi. Na maua yanadondoka. Nadhani ni jua.

Fundi Bustani
Jua halichagui ncha. Mwani wa aina gani, uliuosha kwa maji gani, na bomba moja uliweka kiasi gani?

Mtoto wa Naumbu
Spinosamu. Lita 3 kwenye bomba la mgongoni la lita 16. Niliuandaa vizuri.

Fundi Bustani
Sikuuliza kama uliuandaa vizuri.

Mtoto wa Naumbu
Niliusuuza baharini mchanga utoke. Maji baridi, yasiyo ya chumvi, huku ni ya kununua kwa ndoo, halafu niliogopa nikiosha sana dawa yote itaondoka. Ila tusitishane wakuu. Mnazi tunautia chumvi shinani tangu enzi za mababu na unazaa. Iweje chumvi iwe chakula kwa mnazi na sumu kwa mwembe?

Fundi Bustani
Kwa sababu mnazi ni mti wa ufukweni, kloridi ya kwenye chumvi unaihitaji hasa. Mwembe ni katika miti ya matunda isiyovumilia chumvi, na dalili yake ya kwanza ndiyo hiyo hiyo, jani kuungua kuanzia nchani. Wewe umepulizia maji ya bahari yaliyochemshwa, mwani umesindikiza tu.

Halafu hao wa nje hutumia zaidi mwani wa kahawia wa bahari za baridi, Ascophyllum nodosum, na Afrika Kusini wana wao, Ecklonia maxima. Wetu ni mwekundu, tunaulima kwa ajili ya karajini, ule ute wake wa kugandishia vyakula. Siyo kwamba haufai, India wanakamua maji ya kotoni mbichi, mwani mwekundu mwenzake, na kupulizia mazao. Ila wanayapunguza makali sana, lita chache ndani ya mia. Na siyo mbolea ya kuishibisha miti. Naitrojeni yake ni ndogo, kuna potasiamu na vile viamshi vya mmea, saitokinini na wenzake. Pipa lako likipoa linakuwaje?

Mtoto wa Naumbu
Linaganda. Kama uji wa muhogo wa jana. Pua ya bomba iliziba mara nne.

Fundi Bustani
Karajini hiyo. Usipulizie tena. Jioni jua likishuka mwagia majani maji baridi, na shinani mwagia ya kutosha chumvi izame chini. Maua mengine yangedondoka tu, shada la mwembe lina mamia ya maua na hushika matunda machache sana. Siku nyingine loweka kwenye maji baridi usiku kucha, mwaga, rudia mara mbili tatu, kisha jaribu tawi moja.

Bi Mkorosho
Na angalia hayo maua, yana unga mweupe? Ukiwepo ni ubwiri unga, mwani hautibu huo, tafuta salfa. Mwaka mmoja marehemu mume wangu alikopa salfa ya jirani akisema kesho kesho. Kesho yenyewe akapulizia kuna upepo, salfa yote ikaenda kwenye mikorosho ya jirani yule yule. Deni tukalipa, korosho akavuna yeye!

Nahodha Msimbati
Samahanini. Jumamosi iliyopita mwezi ulikuwa nusu, maji mafu. Mwani huvunwa bamvua, maji yakitoka mbali. Hao akina mama walivuna nini, na kwa kupiga mbizi? Hii ni chai.

Kibarazani
Chai ya mwani 😂 Ngojeni namba ya WhatsApp, "lita moja elfu kumi, mzigo unatumwa hadi mikoani."

Mzee wa Ufuta
Nilijua. Kwenye ufuta hakuna chai.

Mtoto wa Naumbu
Siuzi kitu jamani. Haya. Sikununua. Ni mwani mkavu, ulikuwa ndani kwenye viroba. Ni wa mke wangu. Yuko Tandahimba kwenye arobaini ya shangazi yake. Nilichukua kilo 30 hivi. Nilitaka embe zikishika nimwoneshe.

Nahodha Msimbati
Mkavu! Ule unaotoa unga mweupe wa chumvi ukiushika? Naondoa neno chai.

Bi Mkorosho
Mwanangu, unajua mtu anasimama kwenye maji ya kiuno saa ngapi kupata kilo 30 kavu? Miembe itachipua. Hilo la viroba mweleze mwenyewe kabla hajapima.

Mtoto wa Naumbu
Nimemwagia maji miti 12, ndoo zimeisha, kesho naendelea. Pipa nimelimwaga mbali na shamba. Mke wangu anarudi Alhamisi na mnunuzi wa mwani anapima Jumamosi. Kuna mwenye spinosamu kavu kilo 30 hapa karibu? Nalipa taslimu.

Kibarazani
Si nilisema kuna biashara.