Naomba ushauri: Neno «Petrarchan» la Kiingereza lataja umbo la soneti au namna ya kupenda?

Mleta uzi:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Naandika kwa Kiingereza tasnifu ya uzamili kuhusu soneti (mashairi ya mishororo 14) za karne ya 16 na ya 17, na nimekwama kwenye neno nililodhani nalijua. Waingereza walilichukua jina la ukoo la Francesco Petrarca, mshairi wa Italia aliyezaliwa Arezzo mwaka 1304, wakalifupisha kuwa Petrarch, kisha wakapata «Petrarchan». Katika sura yangu ya pili nimeiita soneti ya mshairi Mwingereza John Milton kuhusu upofu wake «Petrarchan», na ukurasa uleule nikaiita soneti ya 130 ya Shakespeare «anti-Petrarchan». Msimamizi amenirudishia rasimu, na kando ya sentensi hizo mbili ameandika kwa penseli, «Una maana gani hapa?», basi. Je, nimekosea maana? Tena naona kwingine nimeandika «Petrarch sonnet» na kwingine «petrarchan» kwa herufi ndogo.

Mhariri Mstaafu:
Nianze na lililo jepesi. Andika kwa herufi kubwa kila mara, kwa sababu jina la mtu bado linaonekana wazi ndani ya neno, tofauti na «quixotic» (mwenye ndoto zisizotekelezeka), ambalo limezoeleka kiasi kwamba wengi hawamkumbuki tena Don Quixote, yule mhusika wa riwaya, wanapolitumia. «Petrarch sonnet» ifute. Usijaribu pia kuunda kivumishi kutokana na Petrarca ili ukikaribie Kiitaliano, maana Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, aliliandika jina hilo «Petrak» zaidi ya karne moja kabla ya soneti kuingia katika Kiingereza, na ile «ch» hadi leo hutamkwa «k». Shukuru kwamba hushughuliki na Dante, mshairi mwingine wa Italia, ambaye kivumishi chake kimetokana na jina lake mwenyewe, wala si la ukoo, ambalo ni Alighieri. Na wanaoandika «Dantesque» mara nyingi hukusudia Jehanamu tu, sehemu ya kwanza ya utenzi wake, kana kwamba hakuandika pia Toharani na Paradiso.

Mlinda Vina:
Mleta uzi, neno hili lina maana mbili, nawe umeruka kutoka moja hadi nyingine bila kumtahadharisha msomaji. Maana ya kwanza ni umbo: mishororo 14, minane ya mwanzo ikiwa na vina vya abba abba (mishororo yenye herufi moja ina kina kimoja), sita ya mwisho ikifuata mpango kama cde cde au cdc dcd, na baina ya mafungu hayo fikra hugeuka. Maana ya pili ni desturi ya mapenzi: mwanamume anayeungua na kuganda kwa wakati mmoja kwa ajili ya mwanamke asiyepatikana, kama Laura, ambaye Petrarca anasema alimwona mara ya kwanza tarehe 6 Aprili 1327 katika kanisa la Mtakatifu Clara mjini Avignon.

Sasa zitazame soneti zako. Ya Milton ina vina vya abba abba cde cde barabara, isipokuwa ule mgeuko haukungoja zamu yake: Subira, inayosemeshwa kama mtu, anaingia kujibu kabla mshororo wa nane haujakwisha. Lakini humo hamna mapenzi ya mwanamke hata chembe; mna kipofu anayejiuliza atamtumikiaje Mungu. Ya Shakespeare ina vina vya abab cdcd efef gg, kwa hiyo kwa umbo si ya Petrarca kabisa, ila inaidhihaki ile desturi ya kusifu kwa kusema kwamba macho ya mpenzi wake hayafanani na jua na kwamba nywele zake ni nyaya nyeusi. Penseli ya msimamizi wako imegusa hapo.

Kalamu ya Mwanzi:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila hata umbo lenyewe lina utata. Thomas Wyatt, mshairi Mwingereza wa karne ya 16, aliichukua soneti ya 190 ya Petrarca, ile ya paa jike mweupe, akaigeuza kuwa «Whoso list to hunt». Mishororo minane ya mwanzo ameihifadhi kwa abba abba, lakini amemalizia na cddc ee, yaani mishororo miwili ya mwisho ina kina kimoja. Mimi ningeandika kwamba nusu ya kwanza ni «Petrarchan» kisha nikaeleza mwisho ulivyo, kuliko kulibandika neno hilo shairi zima.

Mlinda Vina:
Ni kweli. Ningependekeza «Petrarchan» ulitengee umbo, na kwa desturi ya mapenzi utumie «Petrarchism», neno ambalo wahakiki wanalo tayari. Lieleze hilo mara moja katika utangulizi, kisha usilivunje.

Mleta uzi:
Ahsanteni sana. Nimeipitia sura yote usiku huu na kulikuta neno hilo mahali 11. Mahali saba nilikusudia umbo na mahali patatu nilikusudia mapenzi, nami nimeyatenganisha kama mlivyoshauri. Sentensi moja iliyobaki nimeisoma mara nne bila kutambua nilikusudia nini, nayo nimeifuta.